Mahindi ya Kaaga, Funza wa Ishiara

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumatano moja ya mwezi wa pili, gari la mradi liliingia lango la kituo chetu cha mafunzo ya wakulima pale Kaaga, Meru, likiwa na maboksi manne yaliyofungwa kwa kamba za katani. Saa hiyo naijua kwa sababu niliiandika mwenyewe. Mlinzi alikuwa ameenda kunywa chai, kitabu cha lango kikawa mikononi mwangu, nami nikaandika: "Kompyuta 2. Sijui za nani." Zilikuwa zetu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na sisi tulikuwa watu watatu ambao kazi yetu ilikuwa kuchora wadudu kwenye karatasi za manila.

Nimestaafu mwezi uliopita. Wenzangu mliobaki kwenye kitengo mliniomba niandike jinsi ile filamu ya kwanza ya wadudu ilivyotengenezwa, kwa sababu mmesikia hadithi nyingi na hakuna mbili zinazofanana. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuwa vidogo na havikumsumbua mtu. Nitaandika yanayoweza kuwafaa, pamoja na machache ambayo hayatawafaa.

Kwanza mjue nilikotoka. Sikusomea kompyuta, wala sikusomea wadudu. Niliishia kidato cha nne, nikaajiriwa kuchora ramani za mashamba. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa mchoraji mkuu, Mzee Mbaabu, mtu mwembamba aliyechonga penseli zake kwa wembe na kuzipanga kwa urefu. Alinipa karatasi ya kunakilia, ile nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, akaniambia nichore mto. Nilichora mto, na kwa kuwa nilitaka kumfurahisha, nikaongeza barabara na mpaka wa shamba. Aliikunja ile karatasi mara nne akaitia kwenye pipa.

"Mto peke yake," alisema. "Barabara karatasi yake. Mpaka karatasi yake."

Baadaye, akiwa na chai mkononi, alinieleza sababu. Watu wetu watashtakiana juu ya mipaka mpaka Yesu arudi, na kila kesi ikiisha, mimi ndiye nitakayechora mpaka mpya. Ukiwa umeuchora pamoja na mto, utauchora na mto upya, ilhali mto hakuna aliyeushtaki. Kwa miaka tisa nilichora hivyo, kila kitu kwenye karatasi yake, kisha karatasi zikapangwa moja juu ya nyingine zikawa ramani. Nilipohamia kituo cha Kaaga nilikuja na tabia hiyo na wembe mmoja.

Mkuu wa kitengo chetu alikuwa Bwana Njeru, mtu wa Embu, mtaalamu wa wadudu aliyeweza kukuambia umri wa funza kwa kumtazama kichwa. Mwenzetu wa tatu alikuwa Kirimi, wa Kanyakine, fundi wa redio na televisheni aliyeajiriwa kutengeneza vyombo vilivyoharibika na ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwahi kukutana na mashine iliyomshinda, ila zile zilizomshinda.

Kazi tuliyopewa ilikuwa hii. Kule Ishiara, kwenye joto, funza wa bua alikuwa akila mahindi na mtama msimu baada ya msimu. Nondo hutaga mayai jioni kwenye majani, funza anaanguliwa, anakula majani machanga, kisha anatoboa bua na kuingia ndani. Mkulima anapoona mmea umenyauka moyo, adui yuko ndani na dawa haimfikii. Kamera haiwezi kuingia ndani ya bua bila kulipasua, na ukilipasua funza anaacha kula na kukimbia. Ndiyo maana zikaletwa kompyuta: tuchore ndani ya bua, na funza atembee.

Shirika lililotufadhili liliweka sharti moja. Filamu ya dakika saba ionyeshwe kwa wakulima wa Ishiara, wao wenyewe wakubali kwamba inawahusu, na iwe tayari kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa mwaka uliofuata, kwa sababu mwezi wa kumi watu wanapanda. Tukishindwa, malipo ya pili hayaji, na bila malipo ya pili kitengo kinafungwa. Bwana Njeru alitusomea maneno hayo mara mbili akiwa amesimama. Mimi nilikuwa na watoto wawili katika shule za bweni. Hakuhitaji kusoma mara ya pili.

Miezi minne ya kwanza nilisoma. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa mia sita na kilimdhania msomaji mtu mwingine kabisa. Nilinunua kamusi, nikanunua daftari la kurasa mia mbili, na kila neno nililolielewa nililiandika kwa maneno yangu. Hadi leo nawashauri hivyo. Kitu usichoweza kukiandika kwa maneno yako bado hujakielewa, hata kama kidole chako kinajua pa kubonyeza.

Bwana Njeru, kwa upande wake, alinifundisha kutazama. Alitaka funza awe yule wa Ishiara hasa, mwenye safu za madoa meusi mgongoni, si yule wa huku juu kwenye baridi ambaye ni mwingine. Alienda Ishiara mwenyewe, akarudi na funza thelathini kwenye chupa za jemu zilizofunikwa kwa kitambaa, tukawafuga kwenye rafu ya faili. Nilikaa na kioo cha kukuza siku mbili nikihesabu miguu tu. Funza ana miguu mifupi ya kweli sita mbele, na nyuma ana vijiguu vya nyama vya kushikilia, jozi tano. Anapotembea, wimbi huanzia mkiani kwenda kichwani. Mimi nilikuwa nimelichora likianzia kichwani. Bwana Njeru aliinamia skrini.

"Huyo ni treni," alisema, akaenda zake.

Nikaanza upya. Hapo ndipo nilipomshukuru Mzee Mbaabu kwa mara ya kwanza, maana programu ile ilikuruhusu kuweka kila kitu kwenye tabaka lake: funza tabaka moja, bua na majani tabaka lingine, mbingu na udongo la tatu. Kirimi aliona ninajichosha. Mimi niliona karatasi za kunakilia.

Sasa kuhusu kupika. Hilo lilikuwa neno letu la ofisini. Ukimaliza kupanga picha, mashine inakaa ikizihesabu rangi na vivuli na kuzitoa moja moja, na wewe huna la kufanya ila kungoja kama mtu aliyeweka githeri jikoni. Filamu yetu ilikuwa na picha kumi na mbili kwa kila sekunde, jumla picha elfu tano na arobaini. Picha moja ya funza ilichukua dakika nane kuiva. Kwa mashine mbili zikipika bila kusimama hizo ni wiki mbili, lakini stima ya miaka ile haikujua maneno "bila kusimama". Ilituchukua wiki sita. Kirimi aliandika juu ya swichi ukutani: "Anayegusa hapa anunue jeneza." Mwalimu mmoja wa kituo aligusa, akitaka kuchomeka birika. Tulipoteza picha kumi na moja na urafiki wake.

Mambo madogo ambayo huwa mnaniuliza. Ule mlio wa funza akitafuna: tulijaribu muwa, ukasikika kama mtu anayekunywa, tukajaribu karoti, ikawa mbuzi. Mwishowe Kirimi alipeleka kinasa sauti langoni na kunasa sauti ya mlinzi wetu akitafuna miraa, na huyo ndiye funza mliyemsikia. Mlinzi alikataa malipo. Aliomba tu jina lake lisitajwe, kwa sababu mkewe alikuwa mwinjilisti. Silitaji hata leo. Mabawa ya nondo ni kurasa za kitabu cha nyimbo za kanisani zikipeperushwa kwa kidole gumba. Rangi ya kijani ya majani niliipata kwa kushikilia jani halisi kando ya skrini na kubadilisha namba mpaka macho yakakubali. Jani lilitoka kwenye shamba dogo nyuma ya choo cha ofisi. Mahindi yote ya filamu niliyapima hapo: urefu wa bua, upana wa jani, idadi ya vifundo. Nilikuwa na kurasa nane za vipimo. Zikumbukeni hizo kurasa nane.

Picha zilipoanza kuiva, diski za mashine zilianza kujaa. Bwana Njeru alikuwa na bajeti, na bajeti haikuwa na diski za ziada. Aliamua kwamba kila kipande kikishaungwa, funza na mmea vikiwa picha moja, matabaka yafutwe. Nilimweleza habari za mito na mipaka. Alinisikiliza kwa adabu, akasema mpaka wa shamba haukuwa na funza, akaandika waraka. Kufikia Ijumaa ya mwisho ya kupika nilipaswa kutia sahihi kwamba matabaka yamefutwa kwenye mashine zote mbili.

Nilitia sahihi, na ilikuwa kweli. Waraka haukuuliza kama yalikuwepo mahali pengine. Katika wiki tatu zilizotangulia nilikuwa nimeagiza diski za kubebeka kutoka Nairobi kwa pesa zangu, zile nene za plastiki, mbili mbili, na ya mwisho peke yake, mpaka zikafika kumi na tatu, nikahamishia humo tabaka la funza na la nondo kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Matabaka ya mmea niliyaacha yafutwe. Pesa zilikuwa zimekwisha. Diski nilizipanga kwenye debe la biskuti, nikalisukuma chini ya kitanda nyumbani. Sikumwambia mtu. Sikuona fahari. Niliona nimedanganya mkubwa wangu kwa kutumia sarufi ya karatasi, na kwa wiki kadhaa sikupenda kukutana naye kwenye korido.

Filamu ilikamilika mapema mwezi wa tisa. Tulishuka Ishiara na televisheni, mashine ya video na jenereta ya kuazima. Tuliwekwa kwenye ukumbi wa kanisa, wakafika wakulima wapatao arobaini, wengi wao akina mama. Tuliiendesha filamu, na nawaambia ilikwenda vizuri. Nondo alipotaga watu walinyamaza. Funza alipoingia ndani ya bua na kuanza kutafuna walicheka, na mzee mmoja aliigiza mdomo wake mpaka mkewe akampiga kiwiko. Nilihesabu vichwa, hakuna aliyetoka nje. Kirimi aliniminya mkono.

Bwana Njeru aliuliza kama kuna swali. Aliyesimama alikuwa bibi mmoja aliyekaa mbele, Cucu Ciarunji, ambaye baadaye tuliambiwa ndiye mwenyekiti wa kikundi chao.

"Mmefanya kazi poa," alisema. "Hiyo ni mahindi ya Meru."

Bwana Njeru alimwambia ni mahindi tu.

"Apana, mwalimu. Mahindi ya huku inafika hapa." Aliweka mkono kifuani. "Hiyo yenu mtu anaweza panda juu akae. Na sijaona mtama. Sijaona ndengu. Hiyo shamba iko na mvua." Aligeukia wenzake. "Hiyo dudu ni ya watu wa juu. Sasa ikitoka huko kwao, itafika hapa lini?"

Walicheka wote, kwa upole kabisa, kama mnavyomcheka mgeni aliyevaa sweta. Bwana Njeru alieleza kwamba yule dudu alitoka kwao, na kwamba yeye mwenyewe alimchukua hapo, nyuma ya soko. Wakamwambia wanamsadiki. Dudu walimtambua, hata madoa. Ila dudu akiwa kwenye shamba la Meru, hayo ni mambo ya Meru, na Meru wana dawa na wana pesa. Walipoulizwa kama filamu inawahusu, hakuna aliyeinua mkono. Cucu Ciarunji alituletea uji wa mtama, akatuhurumia.

Ndivyo tulivyokosea. Dudu tulimtoa Ishiara kwa chupa za jemu, tukahesabu miguu yake kwa siku mbili. Mahindi tukayatoa nyuma ya choo. Bwana Njeru alijua wadudu, mimi nilijua kupima, na wote wawili tulikuwa tumeona mahindi tangu utotoni kiasi kwamba hatukuona haja ya kuyatazama. Kirimi alisema mtu wa milimani akiambiwa achore mahindi huchora ya mamake.

Tulianza kupanda kurudi Kaaga. Bwana Njeru ndiye aliyeendesha. Kabla ya Chuka alianza kuhesabu kwa sauti: wiki sita za kupika, na zimebaki siku kumi na tisa. Akahesabu tena, kana kwamba hesabu ingemwonea huruma. Kisha akasema Jumatatu atawaandikia wafadhili, na kwamba sisi wawili tuanze kutafuta mahali pengine, na yeye angetuandikia barua nzuri.

"Bwana Njeru," nilisema, "wale funza hawakufutwa."

Alisimamisha gari kando ya barabara. Hakuzima injini.

"Wewe si ulitia sahihi?"

"Nilitia kwamba nimewatoa kwenye mashine."

"Na wako wapi?"

"Kwangu. Kwenye debe la biskuti, chini ya kitanda."

Kirimi alicheka mpaka akakohoa. Bwana Njeru akatia gia. "Mama Mwenda," aliniambia, "tutaongea juu ya hiyo sahihi mwezi wa kumi." Baada ya kilomita kama mbili akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama debe lile linaingia maji. Nikamwambia haliingii. Sijawahi kuona mabega ya mtu yakishuka hivyo.

Asubuhi iliyofuata tulizisoma diski moja baada ya nyingine. Kumi na mbili zilisomeka. Ya saba ilitoa mlio kama wa kucha kwenye bati na kukataa. Ilikuwa na picha mia tatu na themanini na nane, na hizo ilibidi tuzipike upya. Nilifurahi kuliko nilivyohuzunika, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya zaidi.

Kesho yake Kirimi nami tulirudi Ishiara na futi ya fundi nguo. Cucu Ciarunji alitutembeza shambani kwake. Nilipima mahindi mafupi ya msimu wa haraka, mabua yaliyobaki yamesimama tangu mavuno, mtama, nafasi kati ya mistari, na mashina makavu ya ndengu zilizotambaa katikati. Nikachukua udongo kwenye kikombe kwa ajili ya rangi. Alishikilia ncha moja ya futi na hakuniruhusu kukadiria chochote. Nilipotaka kuandika mashina matatu tu, aliniuliza kama watoto wangu wote wana urefu mmoja. Nikapima ishirini.

Siku tatu nilijenga shamba lake ndani ya mashine. Filamu ilikuwa na vipande sabini na vinne. Katika hamsini na vinane mmea ulisimama tu, kwa hiyo kila kimoja kilihitaji picha moja ya shamba, na vilivyobaki kumi na sita vilikuwa na upepo. Picha zote za shamba zilikuwa chini ya elfu moja, badala ya elfu tano. Kwenye picha za mbali, mahindi yakiwa yamepungua kimo, nondo alibaki akiruka hewani peke yake na funza akitambaa juu ya hewa tupu; nikawashusha, kipande kwa kipande, kwa vipimo vya futi ya Cucu Ciarunji. Kumshusha funza ni kusogeza karatasi. Si kumchora upya.

Stima ilipotea mara nne. Siku ya kumi na tatu Kirimi alitoa kanda kwenye mashine, akaiandika jina kwa kalamu ya wino, akalala kwenye kiti.

Siku ya kumi na tano tulikuwa ukumbini tena. Watu walikuwa zaidi, kwa kuwa habari za mahindi ya Meru zilikuwa zimetembea na wengine walikuja kutucheka. Filamu ilianza na shamba lile fupi lenye udongo mwekundu, na sikutazama skrini. Nilimtazama Cucu Ciarunji. Alisogeza kiti mbele. Funza alipoingia kwenye bua alishika kifua, mahali pale pale alipotupimia mahindi, na hakucheka.

Mwisho wa filamu, panaposemwa mabua yaliyobaki yasiachwe yamesimama shambani kwa sababu funza hulala humo hadi mvua, alisimama.

"Na nikichoma hiyo mabua, mbuzi yangu itakula nini?"

Bwana Njeru alimwambia asiyachome. Ayakate, ayalaze chini juani kwa mwezi mmoja, joto liwaue funza, kisha awape mbuzi.

"Jua hiyo tuko nayo," alisema, akageukia wenzake. "Hii ni shamba yangu. Mnaiona?"

Mikono iliinuka kabla ya kuulizwa. Bwana Njeru aliihesabu mara mbili, akakosea mara zote mbili, akamwachia Kirimi. Mimi nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi za ukumbi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili wa mwaka uliotangulia sikuwa na kitu cha kupima.

Filamu ilikabidhiwa zikiwa zimebaki siku tatu. Kitengo hakikufungwa, na ndiyo maana nyinyi mko hapo. Matabaka hayafutwi tena. Ule waraka ulibadilishwa wiki iliyofuata, na mkitafuta kwenye faili mtaukuta.

Mwezi wa kumi Bwana Njeru aliniita tuongee juu ya sahihi, kama alivyoahidi. Alikuwa na ile karatasi yangu mezani. Aliigeuza, na nyuma yake alikuwa amepiga hesabu kwa penseli, mistari minne, kwa mwandiko wake mdogo. Malipo ya pili: shilingi 340,000. Kutoa bei ya diski kumi na tatu, aliyorudishiwa Mama Mwenda: 15,600. Kutoa mafuta, safari mbili za Ishiara: 3,850. Zilizookolewa: shilingi 320,550.